Pa kuweka vifaa vya mchezo huru shuleni: mwongozo kamili kwa shule za Tanga

Vifuu, makumbi, vizibo vya chupa, tairi kuukuu, vipande vya mbao, mabaki ya mabomba ya fundi, kamba za katani, magunzi, madumu. Kuvikusanya si kazi: watume watoto na neno kwa wazazi, baada ya wiki moja utakuwa na rundo. Pa kuviweka ndipo mipango mingi inapofia. Muhula unaanza kwa shangwe, masika yanaingia, rundo linalowa chini ya mwembe, siku moja anaonekana nge, na kesho yake Mwalimu Mkuu anaagiza vyote vichomwe.

Vifaa hivi havina kazi moja maalumu. Mtoto huvibeba, huvipanga, huvibomoa na kuvigeuza atakavyo. Mwaka 1971 msanii wa Kiingereza, Simon Nicholson, alivitetea kwa hoja kwamba ubunifu wa watu mahali popote hutegemea wingi na aina za vitu wanavyoweza kuvichezea na kuvibadilisha. Kabla yake, mwaka 1943, vita vikiendelea, huko Emdrup mjini Copenhagen ulikwishafunguliwa uwanja wa watoto kujengea kwa mabaki. Mtoto wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, anayeunda gari kwa kopo na ndala iliyokatika hakumsubiri yeyote kati yao. Ila gari lake linalala uvunguni mwa kitanda chake. Vifaa vya watoto themanini wa darasa la awali havina uvungu wa kulala.

Haya yameandikwa kwa shule ya pwani, yenye joto, hewa ya chumvi na mvua, isiyo na chumba cha ziada. Msimamo wangu nautoa mapema: tafuta kwanza mahali palipo karibu na uwanja na panapofunguka kwa upana, ukubwa ufuate. Stoo kubwa nyuma ya ofisi, yenye mlango mmoja mwembamba na ufunguo ulio mfukoni mwa mtu aliyekwenda semina, haifikii nusu ya manufaa ya kibanda kidogo kilicho hatua ishirini kutoka watoto wanapochezea. Kipimo ni hiki: mtoto wa miaka mitano aweze kutoa kifaa na kukirudisha bila kukuita.

Hatua ya kwanza: pima mzigo

Usitafute mahali kabla hujajua unahifadhi nini. Chukua magunia ya kilo mia, yale ya mahindi, ujaze kila kitu kisichozidi urefu wa mkono, kisha uhesabu magunia. Tairi zihesabiwe peke yake: tano za gari dogo zikipandana zinafika kimo cha karibu mita moja. Mbao na mabomba marefu yapimwe urefu, maana ndiyo yanayoamua urefu wa rafu.

Kwa kuona kwangu, magunia sita hadi manane pamoja na tairi kumi yanawatosha watoto arobaini wanaocheza kwa wakati mmoja. Darasa lenye watoto themanini halihitaji vifaa mara mbili. Linahitaji zamu mbili. Shule nyingi zinazolia kukosa nafasi zina vitu vingi mno, na nusu yake ni takataka. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha nafuu ya mchukuzi, basi liache livuje.

Ondoa moja kwa moja: mbao zenye misumari, tairi zilizochomoza waya, kioo, betri, makopo yenye kingo kali, madumu yaliyowahi kuwa na viuatilifu au kemikali yoyote (kuosha hakutoshi), na vipande vya paa la asbesto ambavyo bado vimezagaa kwenye majengo ya zamani. Vidogo vipime kwa kile kibomba cha karatasi kinachobaki toilet pepa ikiisha. Chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto mdogo, hivyo kiwekwe kwenye fungu la kufungiwa, kwa sababu wadogo zao wa miaka miwili huwa hawakosi kufika shuleni na mama zao.

Hatua ya pili: gawa mafungu matatu

Fungu la kwanza ni vya kulala nje: tairi, mabua ya mkonge, magogo, mawe makubwa, mabomba manene. Hivi havihitaji paa, na ukiving'ang'aniza ndani vitameza nafasi yote. La pili ni vya chini ya paa bila kufuli: vifuu, makumbi, magunzi, mbao, madumu, ndoo. La tatu ni vya kufungiwa: vizibo, shanga, mbegu, kamba, vitambaa, turubai na chochote cha chuma. Ukishagawa hivyo, utakuta kilichokuwa kinataka chumba kizima kinataka ukuta mmoja na kasha moja.

Hatua ya tatu: zunguka shule na mtoto

Nenda na mtoto mmoja wa awali aliyebeba ndoo iliyojaa vifuu. Anapoanza kuiburuta, hapo ndipo umbali ulipokwisha. Ukizunguka peke yako na miguu yako ya mtu mzima utachagua vibaya.

Anza na baraza la darasa. Ni mahali pazuri kuliko panavyofikiriwa: pana paa, pana sakafu, na darasa liko hapo hapo. Weka rafu nyembamba ya kina cha sentimita 40 upande wa ukuta tu, njia ya kupita ibaki, na mlango wala dirisha lisizibwe. Siku moto ukizuka, watoto watatokea hapo hapo.

Halafu nenda kwenye stoo iliyojaa madawati mabovu. Karibu kila shule ninayoifahamu inayo. Hapa panahitaji mazungumzo zaidi ya misuli: mwombe Mwalimu Mkuu fundi atengeneze yanayotengenezeka, yarudi darasani, nawe upewe nafasi iliyoachwa. Usiyavunje mengine ukafanya rafu kwa mamlaka yako. Dawati bovu bado ni mali ya serikali, liko kwenye leja, na kuliondoa kuna taratibu zake.

Stoo ya chakula achana nayo, hata kama ni kubwa na mpishi ni shemeji yako. Magunzi na makumbi huleta panya, na panya akishafika hachagui upande. Kibanda cha mlinzi kinafaa kwa kasha la fungu la tatu tu, tena mlinzi akikubali mwenyewe.

Tangi bovu la maji la plastiki, lile la lita 2,000 lililopasuka, ni hazina. Mwambie fundi alikate mlango mpana ubavuni, kingo zisuguliwe kwa msasa zisichane, kisha lilazwe juu ya matofali na lizuiwe lisibingirike. Haliozi, mchwa haliwezi, chumvi haligusi. Tatizo lake ni joto, kwa hiyo likae kivulini, na mlango uwe mpana kiasi kwamba mtoto hahitaji kuingia ndani ili afikie vitu.

Tanga ni mji wa bandari, basi kwenye kikao chochote atatokea mtu wa kupendekeza kontena. Uingereza zipo shule zenye makasha makubwa ya namna hiyo uwanjani. Kontena la futi 20 lina nafasi ya ndani ya mita za ujazo 33 hivi, ambayo ni kubwa mno kwa kazi hii. Jua la mchana hulifanya tanuri, milango yake mizito si ya mtoto, na lisipopakwa rangi kila mara kutu ya pwani hulila. Mkipewa bure, lipokeeni, mtoboe madirisha na mlango wa ubavuni. La kununua, hapana.

Friji bovu nalo hupendekezwa kama kabati. Kama bado lina mlango, lisikanyage shule. Mtoto akijificha ndani na mlango ukajibana, hatasikika.

Hatua ya nne: kibanda cha kuegemea ukutani

Kama mzunguko haukuzaa kitu, jenga. Kibanda cha kuegemea ukuta wa darasa, urefu mita 3 na kina mita 1, kinabeba mzigo niliotaja hapo juu. Paa lake ni mabati mawili ya futi 10, kila moja likikatwa katikati kwa upana: vipande vinne vikipandana kidogo vinafunika mita 3 hizo, na urefu wa mita moja na nusu unaacha upenu wa kutosha mbele. Kingo zilizokatwa zikunjwe na kupigwa nyundo zilale. Upenu uishie juu ya kichwa cha mtu mzima, vinginevyo mwalimu wa kwanza kuinuka vibaya ataondoka na mshono.

Mbele pawe wazi pote. Hapa ndipo mafundi wanaposhindana na walimu, kwa kuwa fundi akisikia neno stoo anaona mlango mmoja na komeo. Mweleze kwamba unataka kitu cha kufanana na genge la sokoni: watoto kumi wasimame mbele kwa pamoja, kila mmoja achukue chake, asisubiri mtu. Jioni pazibwe kwa turubai la kuteremshwa au kwa wavu wa chuma ulio kwenye fremu mbili.

Mdomo wa kibanda usitazame baharini. Mvua ya masika, Machi hadi Mei, huja na upepo ukitokea huko, na Tanga hupata takribani milimita 1,300 za mvua kwa mwaka. Ukuta wa upande wa magharibi wa jengo ndio unaokukinga.

Rafu ya chini iinuliwe sentimita 15 kutoka ardhini, juu ya matofali au paleti (yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo), na iachane na ukuta kwa upana wa kiganja. Mchwa hujenga njia zake za udongo ukutani na kwenye matofali. Ukiacha uwazi utaziona na kuzivunja. Rafu ya juu isizidi mita 1.1. Paleti ziulizie kwenye maghala karibu na bandari. Tazama muhuri uliopigwa kwenye mbao: HT maana yake zilipashwa joto kuua wadudu, hizo chukua, MB maana yake zilifukizwa kwa methili bromaidi, ambayo ni sumu, hizo ziache.

Nguzo si lazima ziwe mbao za kununua. Bua la mkonge, lile refu linalochomoza mmea unapokaribia kufa, ni jepesi na linafaa kwa rafu na vizuizi. Linunue au uliombe kwa wenye shamba. Boriti za mikoko usiziguse bila kibali. Bawaba za chuma cha kawaida hukwama kwa kutu; vipande vya mpira wa tairi vilivyopigiliwa misumari ya mabati hufanya kazi ile ile.

Hatua ya tano: mbu

Sehemu hii ndiyo itakayoamua kama mpango wako utaishi, kwa hiyo isome kwa makini kuliko ya ujenzi. Mwaka 2019 homa ya dengue ilipozuka nchini, Tanga ilikuwa miongoni mwa mikoa iliyopata wagonjwa. Mbu anayeieneza, Aedes, hupenda maji machache, safi, yaliyotuama kivulini: ndani ya tairi, kifuu, kizibo kikubwa, dumu lililokatwa. Yaani orodha yake ya makazi ni orodha yako ya vifaa. Tena huuma mchana, saa zile zile watoto wakiwa shuleni.

Yai lake likipata maji hukomaa kuwa mbu kwa siku saba hadi kumi hivi. Maji yakikauka mayai hayafi. Hushikilia ukingo wa chombo kwa miezi, yakisubiri mvua nyingine. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mara moja kwa wiki, chombo chochote kilicholowa kisuguliwe ndani kwa brashi, kisha kianikwe.

Tairi kila moja itobolewe matundu manne makubwa, kwa mashine ya fundi seremala, upande utakaolala chini, na mengine upande wa pili kwa kuwa watoto wataligeuza. Usitoboe kwa nondo iliyochomwa motoni. Moshi wa mpira ni mbaya na watoto watajaa kutazama. Tairi zilizosimamishwa wima bado hushika maji kwenye mkunjo wa chini, kwa hiyo matundu hayaepukiki. Njia nyingine ni kuzifukia nusu ardhini na kujaza mchanga ndani, ziwe kuta na viti, na hapo umezitoa kabisa kwenye hesabu ya hifadhi.

Vifuu vilale kifudifudi au viingie kwenye mifuko ya wavu ya vitunguu na kuning'inizwa. Naipendekeza mifuko hii kuliko chombo kingine chochote: hewa inapita, maji hayakai, mtoto anaona kilichomo, na muuza vitunguu anakupa bure ukimzoea. Ndoo na madumu yaliyokatwa yatobolewe chini. Jukumu la kukagua apewe mtu mwenye jina, kila Ijumaa, na aandike kwenye daftari. Afisa afya wa kata akipita ukamwonyesha daftari hilo, umeshinda nusu ya vita. Asipoliona ataona tairi tu.

Hatua ya sita: vyombo vya ndani

Kila aina na chombo chake, na nje ya chombo funga sampuli yenyewe: kizibo kwenye ndoo ya vizibo, gunzi kwenye mfuko wa magunzi. Maandishi hayamsaidii mtoto ambaye ndiyo kwanza anajifunza herufi. Ndoo za lita 20 zikatwe nusu kimo ziwe bakuli pana. Kwenye ndoo ndefu mtoto hupindua kila kitu ili apate cha chini. Vikapu vya ukindu na mapakacha ni vizuri darasani lakini baraza lenye unyevu huvipiga ukungu. Kamba za katani zining'inizwe kwenye misumari, zisikunjwe kwenye ndoo, maana zikiwa mbichi huoza katikati bila kuonekana na siku moja hukatika mtoto akiwa anabembea. Vitambaa vifuliwe, vikauke kabisa, ndipo viingie kwenye dumu lenye kifuniko.

Makasha yenye vifuniko vizito ya aina ya sanduku la bibi yasitumike. Kifuniko huponda vidole. Kama ni lazima, ondoa kifuniko, weka kitenge.

Halafu kuna turubai. Tandika turubai la mita 3 kwa 3, mwaga vifaa vidogo juu yake, na sheria iwe moja kwamba vidogo havitoki kwenye turubai. Muda ukiisha watoto wanne wanashika pembe, wanainua, vyote vinateremka katikati na kumiminwa ndooni. Likitumika vizuri, kazi ya dakika kumi na tano ya kuokota vizibo mchangani inakwisha kabla wimbo haujafika ubeti wa pili.

Hatua ya saba: wizi

Tuseme kweli. Kinachoibwa ni kile kinachouzika. Vyuma huenda kwa wanunuzi wa skrapa, chupa za plastiki kwa wanaokusanya makopo, mbao nzuri huishia jikoni kwa mtu. Kifuu kilichopakwa rangi ya shule hakiibwi, gunzi haliibwi, tairi lililotobolewa haliibwi. Kwa hiyo kadiri unavyojaza vitu visivyo na bei, ndivyo kufuli inavyopungua umuhimu. Sufuria na vijiko vya chuma vya mchezo wa kupikapika viwe vichache, vihesabiwe na vilale ndani. Wakati mwingine dawa ni majirani. Wakiona watoto wao wanacheza na vitu hivyo, na wakaalikwa siku moja kuja kujenga rafu, macho yao hulinda kuliko wavu. Kama kuna mchango wowote wa fedha, upitie kwa Mwalimu Mkuu na kamati ya shule. Usikusanye hata shilingi mia kwa mkono wako.

Kurudisha vifaa

Hifadhi nzuri hufa kwa kukosa dakika kumi za mwisho. Zitoe ndani ya kipindi, si baada yake. Watoto wapewe kazi kwa aina: hawa vifuu, hawa mabomba, hawa wawili wa turubai. Anza na wimbo mnaoujua, wote wafanye, na wewe ufanye. Kama uwanja uko mbali, toroli moja libebe ndoo zote kwa safari moja. Magurudumu madogo ya viti yatakwama mchangani. Kazi ambayo mtoto hakuimaliza, tuseme nyumba ya madumu anayotaka kuiendeleza kesho, iachwe kama ilivyo kwenye kona moja iliyozungushiwa kamba. Mwalimu wa zamu aambiwe mapema, asije akadhani ni uchafu. Shule zenye watoto wa asubuhi na wa mchana zitenge kona mbili.

Likizo

Kabla ya likizo ya Juni, masika yakiwa yamepita, toa vyote juani siku nzima, kung'uta kwa fimbo na si kwa mkono, kwa sababu ya nge na tandu, na utupe vilivyooza. Kabla ya likizo ya Desemba fanya hivyo tena, ila safari hii fungu la pili nalo lifungiwe, tairi zipangwe pamoja chini ya paa au zifunikwe, na mlinzi aonyeshwe namna ya kumwaga maji yaliyotuama kwenye turubai mvua za mwisho za vuli zikinyesha. Ufunguo wa kasha utengenezwe nakala tatu: mmoja kwa mwalimu wa awali, mmoja ofisini ukutani, mmoja kwa mlinzi. Paka kufuli mafuta kabla hujaifunga.